Mkwe Wangu Alinifundisha Theluji

Neno la Kiswidi la theluji nililijua nikiwa nimeinama shambani Tongaren, napanda mahindi, jua la Machi likinichoma shingo. Snö. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya mkwe wangu, mtu ambaye nilikuwa sijamsamehe.

Binti yangu alienda Uswidi kusomea uuguzi, akaolewa huko, akafia huko. Mumewe akamzika huko huko. Nilitaka mwili uje nyumbani. Alinijibu kwamba mtoto wao anahitaji kaburi analoweza kulifikia kwa miguu, nikamkatia simu. Basi tukafanya vile hufanywa kwetu mwili usipopatikana: wazee walizika shina la mgomba kando ya nyumba. Nilitazama udongo ukiufunika mgomba ule, nikamtukana mzungu yule kwa Kibukusu chote nilichonacho. Niliapa kutokanyaga pale tena.

Lakini ni yeye aliyekuwa na mjukuu wangu, msichana wa miaka sita, mtoto wa pekee wa mtoto wangu wa pekee, asiyejua lugha yoyote ila Kiswidi. Mkwe alipoandika kwamba watakuja Desemba, niliogopa. Atanijuaje? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwomba mkwe anifundishe Kiswidi.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawapeani mkono, kwa hivyo video niliikataa. Alinitumia sauti tu, maneno machache kila mwezi, kwa kufuata majira ya kwao. Baada ya theluji zikaja vantar, glavu za sufu za watoto. Mahindi yangu yalipofika kifuani, kwao ikawa sommar: jua linachelewa kuzama na watoto wanakula jordgubbar, tunda jekundu, mpaka wanajipakaa mashavuni. Nilikariri nikienda sokoni Kamukuywa.

"Mama, unaongea na nani?" muuza nyanya aliniuliza.

"Ni Kiswidi."

"Ati nini? Si ukuje tukuombee, bana!"

Nilicheka naye. Ila kulikuwa na jambo lililonichoma. Kiswahili cha mkwe wangu kilitoka kwa binti yangu. "Sema tena, Mama, polepole bana," alikuwa akisema, na hiyo "bana" ilikuwa yake marehemu kabisa. Mara nyingine nilizima simu nikaketi kwenye tuta nikalia.

Tulipokuwa tukivuna alinitumia neno gravljus, mshumaa wa kaburini. Alieleza kwamba mwezi wa Novemba, giza linapoingia mapema, watu wa kwao huenda makaburini kuwasha mishumaa, na mtoto humwashia mama yake mwenyewe. Neno hilo sikulirudia.

Desemba walifika. Kwetu mkwe hawezi kulala kwa mama mkwe, kwa hivyo walikaa hoteli mjini Kitale, na asubuhi wakaja kwangu kwa gari. Nilisimama mlangoni mwa jikoni. Mtoto alikuwa kifuani pa baba yake, uso kauficha shingoni, na mimi singeweza kumkaribia bila kumkaribia mwanamume yule. Kati yetu palikuwa na hatua kama kumi.

"Kom till mormor," nikaita. Njoo kwa bibi, mama wa mama yako.

Hakuinua uso. Nikasema snö. Nikasema vantar, nikasema jordgubbar, yote, kama mwendawazimu, jasho likinitoka. Akaanza kulia. Mkwe akageukia gari, nami nikajua wakiondoka hivi, mtoto huyu hatarudi kwangu tena.

"Gravljus," nikasema.

Kilio kikakatika. Mtoto akanitazama kwa macho ya binti yangu. Niliingia jikoni nikachukua mshumaa tunaoutumia stima ikipotea, nikaenda kando ya nyumba, pale nilipoapa kutokanyaga. Nilisikia viatu vidogo nyuma yangu. Tukachuchumaa, tukauwasha.

"Är mamma här också?" akauliza. Nilielewa kila neno: mama yuko hapa pia?

Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba pale hamna kitu ila mgomba.

"Ja," nikamjibu. Ndiyo.

Upepo ukauzima mshumaa. Niliwasha kijiti cha kiberiti, kikazimika, kingine kikavunjika. Mtoto alinitazama akingoja. Mkwe wangu alikuwa amesimama mbali, macho chini, kama binti yangu alivyomfundisha.

"Njoo utuwashie," nikamwambia.

Alikuja. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza, nikamtia kiberiti mkononi.