Kofia Moja kwa Siku

Nilikaa nyuma ya kaunta ya serikali hapa Nizwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo niliwaambia watu "njoo kesho" mara nyingi kuliko nilivyowaambia wanangu "karibuni chakula". Sikuwa mbaya. Nilikuwa mtu wa kanuni. Picha ikiwa na rangi ya buluu nyuma badala ya nyeupe, niliirudisha. Jina la babu likikosa herufi moja, nililirudisha, na mwenye babu nikamrudisha pamoja nalo. Siku nilipostaafu, wenzangu walinipa keki na saa ya ukutani, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nilidhani ananipenda.

Mwezi wa tatu wa kustaafu nikachoka kukaa. Mama yangu, ambaye naishi naye, anashona kofia kwa mkono tangu alipokuwa msichana Unguja, zile za matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, ambazo hapa Oman mwanamume hatoki nyumbani bila kuvaa yake. Alikuwa akiwashonea wajomba, wakwe na maharusi, na malipo yake yalikuwa dua na sahani ya halua. Nikamwambia, "Mama, tufungue biashara. Wewe utashona, mimi nitashughulikia makaratasi."

"Makaratasi ya nini? Kofia yataka uzi."

"Siku hizi mtu akijiajiri lazima aandikishwe. Biashara ijulikane, na mambo ya kodi yawe na faili."

"Kodi?" Alivua miwani. "Nakaa kwangu, nilipe kodi kwa nani?"

Ilinichukua mchana mzima kumweleza kwamba kodi hii si ya nyumba, na kwamba kujiandikisha si lazima kulipa. Pengine biashara ndogo kama yetu haitalipa kitu, ila serikali inataka kujua kwamba hatulipi. Mama alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mtu mwenye homa.

Nikatayarisha faili. Hakuna aliyewahi kuona faili kama lile: vitenganishi vya rangi sita, nakala tatu za kila kitu, na picha zangu zenye weupe nyuma. Nikaenda nalo kwenye ofisi moja ya huduma, zile za chumba kimoja zenye mashine ya kunakili mlangoni, ambako unalipa ukajaziwa fomu za serikali. Aliyekuwa kwenye kompyuta alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, aliyezaliwa hapa hapa, bibi yake alitoka Pemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaliweka faili mbele yake na kungoja alifungue. Hakulifungua. Alichukua kitambulisho changu tu, akakichomeka kwenye kidude chake. "Hii karatasi yote rudisha, mama. Sasa kila kitu iko kwa mfumo."

Faili lilikaa pajani mwangu kama mtoto aliyenyimwa pipi. Binti akaanza kuuliza. Jina, mtaa, simu, shughuli. Kwenye shughuli tulipata "utengenezaji wa nguo na kofia", nikafurahi. Halafu akauliza, "Unatoa kofia ngapi kwa siku?"

"Kofia moja huchukua wiki sita."

Aliandika sifuri, nukta, tarakimu nyingine. Kisanduku kikawa chekundu. "Mfumo haitaki nukta."

"Weka sifuri."

Kikawa chekundu tena. "Sifuri anasema hakuna biashara, yaani kwa nini umekuja." Akafikiri kidogo. "Tuweke moja, mama. Ndiyo ndogo kabisa. Khalas, yamekwisha."

Mimi, niliyemrudisha mtu mpaka kwao Bahla kwa sababu ya nukta juu ya herufi ya Kiarabu, nilitazama huku na huku, nikasema, "Weka."

Tukaja kwenye wafanyakazi. Mwenye biashara, kwa mujibu wa mfumo, ni mwajiri, na mtu anayejiajiri ni mwajiriwa pia, ili awe na bima yake. Simu yangu ikalia. Ujumbe ukasema mwajiri wangu ameomba kuniandikisha, je, ninakubali? Nikakubali. Ikalia tena: mfanyakazi wako amekubali, je, unathibitisha? Nikathibitisha. Katika kazi yangu yote sijawahi kufanya kazi na bosi mwepesi kama huyo.

"Na mfanyakazi wa pili ni mama yangu," nikasema. "Yeye ndiye anayeshona."

Binti akafungua orodha ya miaka ya kuzaliwa, akashuka, akashuka, mpaka orodha ikaisha. Mwaka wa mama haukuwemo. Akajaribu kuuandika mwenyewe. Nyekundu. "Umri umepita, mama. Hawezi kuwa mfanyakazi."

"Basi aandikwe vipi?"

"Asiandikwe," akasema kwa upole, akabonyeza kitufe cha mwisho.

Nilimkuta mama kwenye mkeka wake, sindano mkononi. Nilikuwa nimepanga kumwambia taratibu, lakini aliniuliza moja kwa moja kama ameshaandikwa, na mimi sijui kumdanganya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichomeka sindano kwenye mto wake, akakunja kitambaa, akaweka kila kitu ndani ya kopo la biskuti na kufunga kifuniko.

"Mama, unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Si umeambiwa mimi sifanyi kazi?"

"Ni mashine tu, mama."

"Ishone hiyo mashine, basi."

Hakugomba wala hakulia. Alihamia kwenye kochi, akakunja mikono, akawa mgeni ndani ya nyumba yake. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilijaribu kumnunulia uzi mpya. Akanishukuru, akauweka kando. Usingizi ulinikataa, nikawa nawakumbuka wazee niliowarudisha kwa sababu hawakujua walizaliwa lini. Nilikuwa nikiwaambia, "Kamtafute anayejua," kama kwamba mtu wa miaka themanini ana wa kumuuliza. Walikuwa wakikunja karatasi zao vilevile, polepole, kama mama alivyokunja kitambaa.

Siku ya tano ya mgomo, simu ikalia. Mwanamume mwenye sauti ya adabu kutoka ofisi inayohusika na kodi aliuliza kama mimi ndiye mwenye kiwanda. Nikasema labda amekosea namba. Akanisomea jina langu lote mpaka la babu, bila kukosa herufi. Kiwanda changu, akasema, kinatoa kofia mia tatu na sitini na tano kwa mwaka, hakifungwi hata Idi, na kiko ndani ya nyumba ya kuishi. Kwa nini hakiko Firq, kwenye eneo la viwanda, pamoja na mafundi wa magari na vyuma? Nikaanza kueleza habari ya nukta. Akanisikiliza kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo enzi zangu, kisha akasema mkaguzi atakuja Jumatatu.

Mkaguzi alikuwa kijana wa Izki, mji wa jirani, kanzu imepigwa pasi vizuri, juu yake amevaa kizibao cha njano kinachong'aa, na mkononi ana kompyuta bapa. Kiswahili alikuwa anakielewa, maana alilelewa na bibi aliyetoka Unguja, lakini kujibu alijibu kwa Kiarabu. Akasimama katikati ya sebule akitafuta kelele za mitambo. Kulikuwa na kelele za friji tu.

"Mashine ziko wapi?"

Nikafungua kopo la biskuti, nikamwonesha sindano.

"Ngapi?"

"Tatu. Moja imepinda."

Akaandika. "Wafanyakazi?"

"Mimi."

"Hebu nioneshe unavyofanya kazi."

Nilikuwa sijashika sindano tangu shule. Mama alikuwa kwenye kochi, mikono imekunjwa, macho yake ukutani. Nikachukua kitambaa, nikatoboa, nikazungusha uzi kama nilivyomwona yeye akizungusha maisha yangu yote. Tundu likatoka na umbo la jicho lenye ugonjwa. Nikaanza la pili. Kochi likalia.

"Lete hapa!" mama akasema. "Wataka kuniaibisha mbele ya mtoto wa watu?"

Akaninyang'anya, akafumua, akaanza upya. Kijana akachuchumaa karibu yake. Kwa dakika kumi hakuigusa kompyuta yake. Mama alipofunga uzi, tundu moja lilikuwa limekamilika, duara kama limechorwa.

"Moja?" kijana akauliza.

"Moja," nikasema.

"Na kofia inataka mangapi?"

"Mpaka kofia yenyewe iseme basi," mama akajibu kwa Kiswahili.

Kijana akazitazama zile namba zake, kofia mia tatu na sitini na tano, akashusha pumzi. "Na bibi ana cheo gani katika biashara?"

"Hayumo," nikasema.

"Vipi hayumo?"

"Mashine imekataa kunizaa, baba," mama akasema.

Kijana alicheka, halafu akaona haya kwa kucheka. Akakaa chini kabisa, kwenye mkeka, na kizibao chake cha njano. Akapitia kurasa mpaka akapata alichotaka. Tukiandikwa kama kazi za mikono, akaeleza, uzalishaji unaandikwa kwa mwaka, si kwa siku, wala hatuhitaji kuhamia Firq. Na kulikuwa na kisanduku kingine, cha khabiri, yaani mtaalamu mshauri. Hicho hakikuuliza umri. Akaandika jina la mama humo, herufi kwa herufi, akamsomea mara mbili ili ahakikishe.

"Lakini kizima moto lazima muweke," akaniambia akiinuka.

"Kwa sindano tatu?"

"Kanuni ni kanuni."

Alisema kwa sauti yangu kabisa. Nilikinunua jioni ile ile, kikaning'inizwa jikoni.

Cheti kilikuja kwenye simu. Mama hakutaka cha simu; nikakichapisha, akakiweka ndani ya fremu, na jamaa zetu walipokuja kutoka Ibra na Sur aliwaita mmoja mmoja wasome mstari wake. Nilifurahi sana kumwona hivyo. Nilifikiri kesho yake atarudi kwenye mkeka.

Hakurudi. Aliketi kwenye kochi na kahawa yake, akanielekeza kwa kidole. "Kaza hapo. Si hivyo. Fumua."

"Mama, si unashona wewe?"

"Khabiri hashoni. Khabiri anaangalia."

Basi ndiyo hali yetu. Kofia yangu ya kwanza ilichukua miezi minne, akanifumulisha mara tatu, na bado anasema ile haifai hata kufunikia birika. Fomu ya kodi ilipokuja, nilijaza mapato sifuri. Kisanduku kikawa chekundu, kikataka sababu. Nikaandika ukweli, kwamba mtaalamu wetu bado hajaridhika na mali. Mfumo ukakubali.