Kompyuta Iliyochangiwa Kama Harusi

Kwetu, mtaa wa Murara, mtu hanunui kitu kikubwa peke yake. Ukinunua kimyakimya, ndugu watauliza umewaficha nini kingine. Kwa hiyo niliposema nataka kuunganisha kompyuta yangu mwenyewe, ordinateur kwa lugha ya wazee wetu, baba mkubwa aliitisha kikao cha ukoo, kilekile kinachoitishwa kijana akitaka kuoa, na mimi nikakalishwa katikati ya sebule nijieleze.

Nilijieleza. Nilikuwa nimesomea uchoraji wa majengo, lakini kwa kukosa mashine nilikuwa nachapa barua za watu na kutoa fotokopi kwenye kibanda cha mtu. Mhandisi mmoja anayejenga nyumba upande wa ziwa aliona michoro yangu ya mkono, akaipenda. Aliniahidi kazi ya kumchorea nyumba zake zote, kwa sharti moja: niwe na mashine inayoweza kubeba programu ya kuchora kabla hajamwaga msingi wa nyumba inayofuata. Kompyuta ya kibandani ilikuwa ikifungua programu hiyo kwa kuhema, ikifika katikati inazimika. Kazi ya mhandisi ndiyo ingenitoa pale. Sikutaka kitu kingine duniani.

Nilikuwa nimejifunza kwenye simu, video baada ya video, mpaka nikaelewa kwamba vipande vya kompyuta havikutanishwi ovyo. Prosesa, yaani ubongo wenyewe, hutengenezwa na kampuni mbili zinazoshindana, na ya kampuni hii haiingii kwenye bamba la ile hata uipige nyundo. Bamba hilo, ambalo mafundi wetu huliita carte mère, ndilo linaloshika vipande vyote, nalo huchagua hata memori: za kizazi cha zamani haziingii kwenye bamba la kizazi kipya. Ukichagua kimoja, umeshachagua na vingine. Ndiyo maana niliwaomba jambo moja tu.

"Munisaidiye, lakini vipande muniache nichague miye mwenyewe."

Baba mkubwa ni karani mstaafu ambaye hadi leo huvaa tai kwenda kununua mkate. Alicheka. "Ulishaona bibi-arusi anachagua mbuzi ya mahari yake? Ile ni kazi ya bakubwa."

Watu wakacheka naye, na kompyuta ikagawanywa kama harusi inavyogawanywa, huyu kreti za bia, yule mchele. Baba mkubwa alichukua prosesa, kwa sababu nilikuwa nimeropoka kwamba ndiyo ubongo. Shangazi, mdogo wake, mfanyabiashara wa vitenge anayefika hadi Kampala, akachukua carte mère. Kaka yangu akachukua memori. Mimi nikaachiwa kasha na mengineyo. Nilimtumia kila mmoja picha ya kipande chake pamoja na jina lake kamili, nikaongeza: hiki hiki, si kingine.

Lakini mchango kwetu una sheria yake. Ukiambiwa ulete kuku, ukaleta kuku, umeaibika. Unatakiwa ulete mbuzi.

Siku ya kukabidhi palipikwa, palikuwa na soda, na kila mtoaji alisimama na hotuba. Baba mkubwa alifungua kiboksi, akainua prosesa juu ili hata waliokaa mlangoni waione. "Ile uliniomba ilikuwa ya bantu ba chini," alisema. "Nikaomba banipe ya bakubwa." Ilikuwa ya kampuni nyingine. Shangazi akafunua carte mère aliyokuwa ameifunga kwenye kitenge kipya. "Muuzaji aliniambia ile ya picha ni ya zamani. Miye, nimuletee mutoto ya kaka yangu kitu ya zamani?" Kampuni ilikuwa ileile niliyoomba, ila bamba lilikuwa la kizazi kipya. Kaka alileta memori za kizazi cha zamani kama nilivyoomba, lakini zenye taa za rangi, zinazowaka kama baa ya jioni.

Vigelegele vilipigwa. Nami nilikuwa nimeshika vitu vitatu vya gharama ambavyo havijuani. Ningeweza kushukuru na kunyamaza. Nilisema kwa sauti ndogo, "Hizi hazikutane."

Kaka alikubali palepale kwenda kubadilisha memori zake. Ilibaki prosesa moja tu, na kulikuwa na duka mjini lililokuwa tayari kuipokea na kutoa nyingine inayokubaliana na bamba la shangazi. Jambo la asubuhi moja! Lakini baba mkubwa na shangazi hawajawahi kuelewana tangu kifo cha babu na kiwanja alichoacha Bukavu, na mafahali wawili hawakai zizi moja.

"Yangu ibadilishwe, ya yule ibakie?" baba mkubwa aliuliza. "Abadilishe yeye. Miye ndiye mukubwa."

"Toka Kampala niliibeba mupaka hapa ku mapaja," shangazi alijibu. "Sibadilishe kitu. Na huyu mutoto, asante yake ni ya punda, mateke."

Baba mkubwa akairudisha prosesa kwenye kiboksi, akaitia mfukoni. Shangazi akaifunga carte mère kwenye kitenge chake. Kila mmoja alisema atarudisha kipande chake pindi mwenzake atakapoomba radhi, wakaondoka kabla chakula hakijapakuliwa.

Nilikwenda kwao, kwa huyu na kwa yule, nikipiga magoti. Walinipa chai. Walinisimulia habari za kiwanja. Nilimwambia baba mkubwa kwamba mhandisi hatangoja, akanijibu kwamba heshima ya mtu nayo haingoji. Nilimchukia siku hiyo, na sioni haya kulisema.

Msingi ulimwagwa. Kijana mwingine ndiye anayechora. Mhandisi hupita kibandani kwetu kutoa fotokopi ya michoro ya mwenzangu, na ninaitoa mimi, karatasi kwa karatasi. Kijana huyo amekosea ngazi. Sijamwambia mhandisi.

Majuzi kikao kimeitishwa tena, safari hii kwa ajili ya mdogo wangu wa kike anayetaka cherehani. Alipofungua kinywa kusema ni ya aina gani, baba mkubwa alimkatiza.

"Tuangalie tusirudilie kosa. Dada yake tulimupatia ordinateur muzima, ikamushinda."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa hajamsalimu kaka yake tangu siku ile, naye alijua ukweli wote.

"Ni kweli," alisema shangazi. "Tulimupa kila kitu."

Baba mkubwa akainuka, akamnyooshea mkono dada yake, naye akaupokea. Ndugu wakapiga makofi kwa furaha kwamba wakubwa wamepatana. Nami, kwa adabu, nikapiga pia.