Barua kwa Ordinateur

Scholastique alifundisha shule ya msingi pale Bunia miaka kumi na moja bila diplome. Mwaka 1983 aliambiwa kwamba akikosa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mara hii, atatoka kazini. Alisoma miezi mizima, mtoto mgongoni.

Siku ya mtihani aliruka ulizo moja gumu, lakini kwenye karatasi ya majibu akasahau kuruka kijumba chake cha kutia weusi. Kila jibu lililofuata likaingia mahali pa lingine. Aligundua kosa hilo karatasi zikiwa zimeshakusanywa.

"Bwana préfet," alimwomba Kamate, mkubwa wa sekondari walipofanyia mtihani, "mutu akiangalia ataona nimekosea mustari tu."

"Hakuna mutu ataangalia, mama. Iko ordinateur, mashine ya kusahihisha, kule Kinshasa. Inasoma vijumba vyeusi, basi."

"Basi nitaiandikia."

Akaiandikia kweli: "Bwana Ordinateur, miye si mujinga. Uniulize tena, hata ulizo moja, nitajibu."

Kamate aliisoma barua, akashindwa kucheka. "Mama Scholastique, haina masikio. Niitume kwa nani?"



Matokeo yalipokuja, jina lake halikuwemo. Septemba alifika mwalimu mwenye diplome, Viviane, kushika darasa lake. Scholastique alimwonyesha watoto wasioona ubao vizuri, ili awakalishe mbele. Halafu akaenda kijijini Aveba kulima shamba la mama yake. Njia fupi ya shambani ilipita kando ya shule ya kijiji. Yeye alizungukia mtoni, kwa sababu hakuweza kuvumilia kusikia watoto wakisoma kwa sauti.