Kidonda Nilichokificha Izigo

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo hainitoki, mwanangu. Nilikwenda Izigo kwa rafiki yangu Ishengoma, niliyefyatua naye matofali tangu hatuna hata baiskeli. Ndani ya mdomo wa chini nilikuwa na kiuvimbe kama punje ya kunde, na pembeni yake kidonda. Nilishaamua kuwa ni saratani, na sikumwambia mtu. Mimi niliyeishia darasa la tatu, niliyejenga nyumba Buhembe kwa mikono hii, nikamfunulie nani mdomo?

Mama yake akaleta kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni hakatai. Mama akatia punje moja kinywani mwake kwanza, nione kuwa ni salama, ndipo akanisogezea kikapu. Nikakisukuma kwa mkono.

"Mama ametafuna mbele yako," Ishengoma akasema. "Bado unaogopa sumu?"

"Sijisikii tu."

"Waitu, ndugu yangu, tangu lini? Juzi tu ulikimaliza kikapu, ikabidi tukifiche!" Akacheka, akangoja nicheke.

Sikucheka. Mama akafunika kikapu, akaingia ndani bila kuniaga. Ningesema tu "nina kidonda", yangeisha. Nikainuka, nikaondoka.

Wiki ya tatu maumivu yakanishinda, nikaenda hospitali mjini Bukoba. Tabibu wa meno, binti mdogo kabisa, akanimulika tochi.

"Kaka, jino lako limevunjika, ncha inakukata. Na hiki kiuvimbe ni mate yamejikusanya, unakiuma kila siku. Umekitoboa?"

"Kwa sindano."

"Basi acha ujinga."

Akaisawazisha ile ncha, akaniambia nisukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, niache pilipili. Siku chache tu kidonda kikafunga, na kiuvimbe kikanywea chenyewe.

Kilichobaki ni Izigo. Kila Jumapili nilisema nitakwenda, kisha najiambia aje yeye. Hakuja. Mama yake akafariki, nami nikasikia baada ya mazishi, maana hakuna aliyeona nafaa kuitwa. Ishengoma akahamia Ngenge, na huko ndiko alikozikwa. Leo wa kunisalimia ni wengi, ila wa kunitania sina.

Basi nisikilize, mwanangu. Vidonda vingi vya mdomoni ni vidogo, hupona vyenyewe. Sukutua, usitoboe, usipake maji ya betri wala tumbaku kwa sababu jirani kasema. Kikipita wiki mbili hakijafunga, au uvimbe ukawa mgumu, ukakua, ukatoa damu, nenda hospitali upimwe. Usijipimie kichwani kama mimi. Na ukiwa kwa watu, sema linalokuuma. Ukinyamaza watajaza wenyewe usichosema, na watakachojaza hakitakuwa chema.

Mungu akujalie kinywa kizima, mwanangu, na watu wa kuzungumza nao mpaka uzeeni.