Suruali ya Diwani

Kila anapotamka neno “wataalamu”, diwani hujipapasa tumbo kana kwamba amewameza wote. Ndivyo alivyofanya kwenye mkutano wa kugawa viwanja bondeni, pembeni mwa Kahama, wakati mto umekauka na mbuzi wanalala katikati yake. Mama Vumilia, aliyekwisha kuchoma tofali na kubaki akisubiri kiwanja tu, alinyoosha mkono.

“Shikamoo, mheshimiwa. Masika yakija je?”

“Marahaba, mama. Wataalamu wamepima. Maji hayafiki hapa hata yakitumiwa gari!” Akapiga chini kiatu chake kinachong’aa, vumbi likatimka, wapambe wakashangilia.

Mara radi ikanguruma kwa mbali, upande wa Geita. Mdomo wa diwani haukusita, uliendelea kumwaga ahadi za zahanati na lami. Lakini mikono, kwa mazoea ya mtu aliyekulia kwenye tope la mbuga, ilishuka yenyewe ikakunja suruali, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka magotini.

Mama Vumilia akaitazama ile miundi myembamba, akaketi.

“Mbona huulizi tena?” jirani akamnong’oneza.

“Si ameshajibu.”