Waziri Langoni mwa Hospitali

Obwocha aliuza simenti na mabati pale Keumbu kwa miaka mingi kabla gavana hajampigia simu. Alikuwa mtu wa neno moja: akikuambia mzigo wako utafika Alhamisi, ulifika Alhamisi. Ndiyo maana alipoapishwa kuwa waziri wa fedha wa kaunti, soko zima lilishangilia. "Sasa tumepata mtu anayejua biashara," walisema. Naye aliamini hivyo.

Haukupita muda akagundua kwamba dukani alikuwa mfalme, ofisini ni tarishi aliyevaa suti. Pesa za kaunti zilikwama serikali kuu, Nairobi. Zilipofika, madiwani walizivutania. Zilizobaki, gavana alikuwa ameshaziahidi kwingine. Wauguzi walikaa miezi bila mshahara, mwishowe wakagoma.

Mgomo ukiwa umekolea, mama yake, mzee Nyanchoka, alianguka jikoni, mdomo ukaenda upande. Mkewe Loice aliendesha gari, Obwocha akiwa nyuma amempakata mama. Walikuta lango la hospitali ya serikali wazi, wodi tupu, wauguzi wameketi nje kwenye nyasi wakiwa na matawi ya mgomo mikononi.

Mmoja wao, Apondi, mama wa makamo kutoka upande wa ziwa, alikuja kwenye dirisha la gari akamwinua mgonjwa mkono. Ulianguka kama kitambaa.

"Ni kiharusi, Mheshimiwa. Hapa hakuna daktari wala dawa. Mkimbizeni Kisii."

"Nisaidie wewe. Nitakulipa mwenyewe, leo hii."

"Na hawa wenzangu?" Hakupaza sauti. "Tuambie tu, tutalipwa lini?"

Obwocha alifungua kinywa. Wauguzi wote walikuwa wanamsikiliza.

"Sijui, dada yangu. Haki ya Mungu, sijui."

Apondi alifungua mlango, akaingia garini, akamgeuza mama alale ubavu ili asipaliwe na mate. Wenzake walimzomea mpaka gari likapotea. Alikaa na mgonjwa hadi hospitali ya kibinafsi mjini Kisii.

Mama aliponea chupuchupu, lakini upande wa kulia haukurudi, wala maneno. Obwocha alimwendea gavana akaomba kuacha kazi.

"Ukitoka wewe, ndipo watalipwa?" gavana alimuuliza.

Akarudi ofisini.

Mwezi uliofuata mishahara ilitoka. Obwocha alisikia habari hiyo redioni akimlisha mama uji, kama mwananchi mwingine yeyote. Majirani wakaanza kupiga simu kumshukuru. Aliiacha ilie mezani, akampangusa mama kidevu.