Fasi ya mwisho mu mustari

Mu muchezo wa nzango, mwenye kutoka wa kwanza haiko mwenye anajua kucheza sana. Wa kwanza ni mwenye hana haya. Wengi hawajui hiyo, njo sababu wanashindwa mbele wimbo haujaisha.

Nilicheza nzango tangu utoto kule Nyamitaba, mu Masisi, mu majani ya ng'ombe. Sasa magoti yanakataa, kazi yangu imebaki kupanga. Kila ekipe iko na wanawake kumi na mumoja. Wanasimama mustari, wanaangaliana na mustari ya wengine, wanaimba, wanapiga makofi. Mumoja anatoka huku, mumoja huko, wanaruka pamoja, na wakishuka kila muntu anatupa muguu mumoja mbele. Upande mumoja unapata pointi kama miguu inakutana, upande wa pili kama inapishana. Mwenye kupata anaendelea na adui mwengine. Mwenye kukosa anarudi, na mwenzake mwenye kumufuata anatoka. Basi ukipanga vibaya umekwisha. Nguvu zako zote zitaisha mbele na nyuma watabaki wenye kulialia.

Ule mwaka tulikuwa tumekimbia. Ng'ombe walibaki kwa wenye bunduki, sisi tukashuka mpaka Kashebere, upande wa Walikale, fasi miti iko mingi kuliko jua. Wenye udongo walitupatia shamba la muhogo mu pori, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wamama wa pale walitucheka vile tulishika jembe.

“Angalieni watu wa maziwa! Munataka kukamua muhogo?”

“Mutungoje mu kiwanja siku ya wamama, mu mwezi wa tatu,” nikawajibu. “Tutawakamua ninyi.”

Walicheka, nasi tukacheka. Lakini mimi sikusema mambo ya kucheka. Nilikuwa na mujukuu wangu mu ile ekipe, na nilitaka wamuone.

Mama yake alikufa akimuzaa. Mimi, koko yake, njo nilimulea, na maziwa ya ng'ombe yetu mwekundu, kikombe kwa kikombe, mpaka akafika miaka kumi na tisa. Sina mwengine. Na ule mutoto alikuwa na muguu ya kushoto! Wengine wote wakichoka wanarudia muguu ya kulia, hata ukiwafundisha mwaka muzima. Yeye hapana. Unaangalia macho yake, unazani anatupa kulia, kumbe kushoto imekwisha kufika. Na akishuka hapigi kishindo, anashuka kama paka. Sitaficha: nilikuwa na kiburi naye. Bado niko nacho.

Nikapanga. Wa kwanza, mama wa sambaza, mwanamuke wa Bweremana mwenye alizoea kuita wateja wa hizo samaki ndogo kando ya ziwa. Sauti yake inaamusha maiti. Wa pili na wa tatu, dada wawili wenye walijua kusoma macho. Katikati nikaficha wazaifu, mumoja mwenye kunyonyesha, mwengine mwenye tumbo lilimuuma kila siku. Wa kumi, muke wa mwalimu, mupole lakini hachoki. Wa mwisho, mujukuu wangu.

Mama wa sambaza akakataa.

“Mutoto umuweke katikati, dada. Mwisho iko baridi.”

“Mwisho njo fasi wanaangalia.”

“Nani anaangalia? Tukishinda mbele yeye hatacheza hata!”

“Na tukishindwa mbele, nani atatuokoa? Wewe na ile matako?”

Watu wakacheka mpaka kukaa chini. Naye akacheka, akapiga matako yake makofi, na maneno yakaishia pale. Mujukuu alikuwa anafurahi, niliona vile alikunja kikwembe chake kiunoni, kama anaingia kucheza.

Sasa, wamama ni kama kuku, kila siku mumoja alikuwa anasahau fasi yake. Siku ya mechi ilikuwa inakaribia. Nikawaambia: mukienda mu shamba, mutembee vile munapangana. Kila muntu ajue mugongo wa mwenye kumutangulia. Muimbe njiani, mukifika mutakuwa mumejua. Niliona hiyo ni akili sana. Nilijisifia kwa jirani.

Mimi, binti wa wachungaji! Kila mutoto wa Masisi anajua vile ng'ombe wanatembea mu njia ya pori. Mitamba, ng'ombe wenye hawajazaa, haiachwi nyuma. Mitamba inawekwa katikati, na nyuma anatembea muntu muzima mwenye fimbo, sababu chui haangalii mwenye anatangulia, anangoja mwenye anafunga. Baba yangu alinipiga nikiwa mudogo sababu niliacha mutamba mumoja nyuma kuvuka kamto. Nilijua hiyo mbele nijue kuhesabu. Nikaisahau sababu ya muchezo.

Siku moja ya kwenda mu shamba goti lilivimba, nikabaki. Nilikaa kwa mulango nachambua maharagi. Mbele ya saa kumi nikaona wanatoka mu miti. Hawakuwa wanaimba. Mama wa sambaza alikuwa mbele, bila muzigo. Nikahesabu, nikapata kumi. Nikahesabu tena, kuanzia nyuma.

Nikamushika muke wa mwalimu mikono miwili, yeye njo alikuwa wa kumi.

“Mugongo wako,” nikamwambia. “Nani alikuwa mu mugongo wako?”

“Tulikuwa tunaimba, Mama. Nikasikia muzigo wake unaanguka. Nikazani amejikwaa. Nikageuka, njia iko wazi. Muhogo tu chini.”

“Hakulia?”

“Tulikuwa tunaimba,” akasema tena.

Wanaume walienda mpaka pale, wakarudi na kikapu chake na kandambili moja. Kiongozi wa mutaa akasema wenye bunduki wamemupeleka kubeba mizigo, akisha kubeba watamuacha. Alisema vile kama muntu anasema mvua itakatika. Mama wa sambaza alikaa na mimi, hakutoka. Siku ya pili nikamuuliza kama iko na neno la kuniambia. Akaniangalia.

“Niko nalo,” akasema. “Lakini unalijua, dada. Kula.”

Siku ya wamama ikafika, mujukuu angali mu pori. Nilisema tuache. Wenzangu wakasema hapana, wamama wa pale wamekwisha kufyeka kiwanja, wakizani tumeogopa itakuwa nini? Tukaenda kumi. Nzango haichezwi kumi kwa kumi na mumoja. Kapiteni wao, mwanamuke murefu, ule mwenye alitutukana juu ya kukamua muhogo, akatuangalia mustari yetu mpaka mwisho, fasi mustari ilikatika. Akageukia watu wake na kumutoa mumoja. Tukacheza. Wakatushinda vibaya sana. Muke wa mwalimu alipotoka mwisho kabisa, alitupa muguu ya kushoto, yeye mwenye hakuwahi kuitupa hata siku moja, akaanguka. Hakuna mwenye alicheka.

Mujukuu alirudi kesho yake, saa ya kutwanga. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa chini, peke yake. Nilimujua na kikwembe, si na kutembea. Shingo ilikuwa imenyooka kama bado iko na gunia ku kichwa, na hata aliponiona haikuinama. Muguu ya kushoto ilikuwa imefungwa na kipande cha nguo. Nikaifungua mu maji ya moto na chumvi. Kidole kikubwa kilikuwa kimepasuka mpaka mufupa, na chini ya muguu nyama ilikuwa inaoza. Nikaosha. Nikaosha tena. Sikuuliza kitu, na wewe mwenye unasoma usiulize. Yake ni yake.

Kisha akasema, na sauti ya kawaida, kama muntu anaomba chumvi:

“Nilikuwa wa mwisho, Koko. Nyuma yangu hakukuwa mwenye angeniona.”

Nilikuwa nimeshika ule muguu. Sikuiachilia.

“Ni mimi nilikupanga,” nikasema.

“Najua.”

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Neno la kusamehe wanalipenda ku kanisa. Mu nyumba yetu tulikuwa na muguu ya kuosha asubuhi na magaribi.

Kidole kilitoka. Anatembea, lakini hawezi kuruka. Ekipe inaendelea, wananiita kila mwaka kuwapangia, nami nawaambia mama wa sambaza njo apange, hata yeye anajua. Wanazani ni goti.

Lakini shamba halijui nzango. Usipoenda haukuli. Tukakaa miezi miwili tukila sombe, majani ya muhogo ya kuomba watu, kisha nikachukua fimbo na kusema tunaenda. Ile njia mimi njo niliipanga. Mama wa sambaza mbele, yeye hata bila kuimba wanamusikia. Wabinti wote katikati. Mimi nyuma kabisa, na fimbo na goti. Wakinikamata mimi watapata hasara, watanibeba wao.

Mujukuu nilimuweka wa sita, vile nilipashwa kumuweka tangu siku ya kwanza. Akakataa. Anataka fasi ya kumi na moja, mbele yangu tu. Shingo yake haigeuki vizuri tangu ile siku, basi hageuki. Anauliza. Kila tukifika ku kona anauliza, mwaka wa pili sasa.

“Nyuma yangu ni nani?”

“Ni mimi.”

“Na nyuma yako?”

Pale sijibu mbio. Nasimama, nageuka, naangalia njia mpaka fasi miti inaifunga.

“Hakuna muntu,” namwambia. “Tembea.”